Shamba Kinywani mwa Rébecca

Jumatatu asubuhi, katika chumba cha nyuma cha hospitali moja ya Butembo, Simone alikuwa akisugua kwa msasa laini kipande cha resini ya rangi ya waridi. Upande mmoja kilikuwa na meno matano, na pembeni ndoano za waya za kukishikilia kwenye meno yaliyobaki. Juu yake kilipanda kibonge chenye uwazi ndani. Simone alisomea kazi hiyo Kinshasa, na alijua kwamba kibonge kizito huvuta ndoano, ndoano hulegea, na plake yenyewe, yaani kipande chote na meno yake, huangukia sahanini mbele ya wageni. Kwa hiyo alikitengeneza kwa maganda mawili, akaacha hewa katikati, akayagandisha.

Aliyekuwa akikingojea ni Rébecca Kahongya, mchambuzi wa kakao katika depo moja ya mtaa wa Kimemi. Alikaa kwenye kiti na barakoa ikiwa imeshushwa kidevuni. Tangu miaka ya Ebola, na ile iliyofuata, hakuna mtu Butembo anayemuuliza mwenzake kwa nini amevaa barakoa, na hilo lilimfaa. Uvimbe ulikuwa umeota katika taya lake la juu, upande wa kushoto. Wapasuaji waliondoa mfupa, meno na nusu ya kaakaa, na ugonjwa ukaisha. Kilichobaki ni tundu kati ya kinywa na pua, ambalo kile kibonge kilitengenezwa kuliziba. Uji ulipita hapo, na sauti nayo ilipita hapo, hata kila alichosema kilitoka kama maneno ya mtu aliyeingiza kichwa ndani ya dumu. Nyumbani, dada yake Berthe ndiye aliyemtafsiria kwa majirani, kutoka Kinande kwenda Kinande.

"Fungula kinywa, mama," Simone alisema. "Sasa uma. Doucement, polepole. Iko fasi inaumiza?"

"Hapana," Rébecca alijibu.

Neno lilitoka zima. Lilikuwa neno lake la kwanza kueleweka na mtu asiye Berthe tangu upasuaji. Rébecca alilifikiria.

"Berthe amepoteza kazi," alisema.

Simone alimpa maji, na hakuna tone lililotoka puani. Alimpa kioo, na shavu lililokuwa limezama lilikuwa limejaa tena. Kisha akamsomea masharti: mwanzoni ale vitu laini, uji, parachichi, ndizi mbivu, atafune upande wa kulia, baada ya kula atoe plake, aioshe kwa brashi na sabuni katika maji baridi, kwa sababu maji ya moto huipinda, na pakichubuka arudi.

"Na kakao?" Rébecca aliuliza.

"Ya kunywa?"

"Ya kuuma."

"Ile bado kwanza."

Sharti hilo lilikuwa sahihi, na hakuna mchambuzi wa kakao wa Butembo ambaye angeweza kulitii. Mchambuzi huchukua punje kutoka ndani kabisa ya gunia, akaikata kwa kisu kidogo, akatazama rangi: zambarau ni kakao isiyochacha, kahawia ni kakao ya kununuliwa. Kisha huuma nusu ya punje na kutoa pumzi polepole, maana uchungu una harufu yake na ukungu una yake. Huuma upande wa kushoto, kwa sababu mkono wa kulia bado una kisu. Rébecca alifanya hivyo miaka yote, na hata wakati upande ule haukuwa na mfupa, mkono wake uliendelea kupeleka punje huko, akaizuia midomoni.

Siku aliyorudi kazini hakuizuia. Aliuma, akafungua kinywa ili atoe pumzi, na mvua ikasikika.

Kimemi kulikuwa na jua. Mvua ilikuwa ndani ya kinywa chake: matone mazito juu ya majani mapana, jogoo aliyeloa, na mbali kidogo mtu akipasua kuni. Mwanamke aliyeketi karibu naye alivuta turubai na kufunika kakao iliyoanikwa. Alipoona juu hakuna wingu, aliifunua tena na kuendelea kuchambua.

Lusenge, mwenye depo, alitoka ofisini na kuomba watu wapunguze redio. Aliinama karibu na shavu la Rébecca.

"Ile gunia inatoka wapi?"

"Mbau," mtu alijibu.

"Donc Mbau iko nanyesha. Watatuletea kakao ya maji."

Alimpigia simu mnunuzi wake wa Mbau na kushusha bei kabla mvua haijakatika.

Kabla ya juma kwisha, depo nzima ilijua jinsi mambo yalivyo. Punje ikiumwa na meno ya resini hutoa sauti za shamba ilikotoka, kama zilivyo saa ile ile. Punje iliyokaangwa haitoi kitu. Meno ya kulia, ambayo ni ya Rébecca mwenyewe, hutoa uchungu tu. Akisukutua kwa maji, shamba hunyamaza. Simone alipopata habari alikuja depo baada ya kazi, akasikiliza njiwa wa Oicha, akaitoa plake na kukigeuza kile kibonge kwenye mwanga akitafuta ufa. Hapakuwa na ufa. Akaosha mikono, akairudisha mahali pake.

"Inashika muzuri," alisema. "Mais, nilisema vitu laini."

Kimemi ina watu wengi waliotoka upande wa Beni na Mangina wakati watu wenye silaha walipoanza kuingia vijijini. Wanaishi vyumba viwili viwili kwa mashemeji. Baadhi yao waliondoka na punje chache mfukoni, zile za mkononi tu, kama mtu anavyoondoka na funguo. Walianza kuja depo saa ya mapumziko. Walikaa juu ya magunia matupu, wakampa Rébecca punje, wakasogeza masikio.

Gamaliel, aliyekuwa katekista huko nyuma ya Mangina, alikuja na punje iliyong'aa kwa kukaa mfukoni mwa koti. Rébecca aliuma kipande kidogo. Upepo ulisikika, halafu kikohozi kifupi kikavu.

"Ile mbuzi ni yangu," Gamaliel alisema. "Nilimwacha na kikohozi."

"Hakupata dawa?"

"Nani angemupatia?"

Alirudi kila Alhamisi, na kila mara Rébecca aliuma kipande kidogo zaidi, ili punje idumu. Alhamisi moja upepo ulikuwepo na kikohozi hakikuwepo. Walingoja. Kulisikika moto ukitatarika, na watu wakicheka vizuri, kama watu wanaokula.

"Amepona," Gamaliel alisema, akavaa kofia yake. Hakuna aliyembishia.

Katika mashamba mengine pia kulikuwa na watu. Wakimbizi walisikia mapanga, magunia yakiburutwa, pikipiki zikiwashwa. Hawakushangaa. Kila msimu kakao ya mashamba yasiyo na wenyewe ilishuka Butembo juu ya pikipiki, imefungwa vizuri, na wao wenyewe waliiona ikipita mbele ya milango ya mashemeji. Kipya kilikuwa sauti tu.

Shamba la Rébecca liko ng'ambo ya mto, magharibi mwa Mangina. Alilipanda na mumewe, safu kwa safu, chini ya kivuli cha migomba, na mume alipofariki alilitunza peke yake. Aliondoka siku kijiji cha jirani kilipochomwa, akiwa na sufuria na rozari. Hakuwa na kitu kingine chochote duniani, na alilisema hilo bila huzuni, kama mtu anavyotaja mtaa wake. Alitaka kurudi. Mkakao ukitunzwa humngoja mtu miaka mingi, usipotunzwa haungoji. Hiyo ndiyo hesabu aliyokuwa akiifanya kila alipochambua kakao ya wengine.

Gunia la shamba lake lilifika asubuhi ya kawaida, katikati ya magunia mengine. Aliuma punje na kusikia mto upande wa kushoto. Akasikia bati la jiko likigonga kwenye upepo, lile ambalo mumewe aliahidi kulipigilia na hakulipigilia. Kisha sauti za wanaume, na kati yao mlio mmoja uliorudiwa: kwaa, kwaa.

Aliujua mlio huo. Ni tunda la kakao likivutwa kwa mkono badala ya kukatwa. Maua ya kakao huota kwenye shina lenyewe, mahali palepale, mwaka baada ya mwaka. Tunda likivutwa hung'oa ganda la shina, na mahali pale hapatoi ua tena. Shamba likivunwa hivyo misimu michache hubaki kivuli.

"Musivute!" Rébecca alisema kwa sauti kubwa. "Mukate!"

Depo iligeuka. Mlio nao ulikoma. Ulibaki mto na bati.

"Nani huyo?" mtu aliuliza ndani ya kinywa cha Rébecca.

"Mwenye shamba."

Panga lilisikika likiwekwa chini.

"Bonjour, mama," ile sauti ilisema.

"Bonjour. Mukate na kisu. Kuvuta kunaua maua."

"Kisu hapana, mama. Iko panga tu."

"Kisu iko kwenye nyumba ya kuku, juu ya mulango, ndani ya kopo."

Nyayo zilisikika zikienda, kopo likalia, nyayo zikarudi.

"Tumeiona. Wasingya, mama."

Rébecca aliipokea shukrani hiyo, akasikiliza mkato wa kwanza. Ulikuwa safi. Wa pili pia. Aliridhika kwa muda, kisha akakumbuka kwamba kakao ile ni yake.

Alisukutua, akaenda ofisini kwa Lusenge. Lusenge alikuwa akila karanga.

"Patron, ile gunia ni yangu."

"Najua. Tumesikia bote."

"Basi?"

"Basi nimeshainunua."

"Kwa nani?"

"Kwa motari, yule wa pikipiki."

"Na motari alinunua kwa nani?"

"Mama Rébecca," Lusenge alisema kwa upole, "motari hana meno kama yako."

Lusenge hakuwa mtu mbaya. Alimlipia Rébecca sehemu ya gharama za upasuaji, na hakuwahi kumkumbusha. Alieleza kwamba asiponunua yeye, depo ya jirani itanunua, na kakao itafika kule kule iendako, ila bila yeye. Alisema pia kwamba kule Beni iko ofisi inayochunguza asili ya kakao, na kwamba gari lake linapanda huko tupu kila juma na kushuka limejaa. Nafasi ya kwenda ipo. Ya kurudi, atakaa juu ya magunia.

Rébecca alikwenda na Berthe, ambaye alishika bahasha ya hospitali, mwavuli, na mazoea yake ya zamani. Njia nzima, kila dereva alipouliza jambo, Berthe alijibu.

"Naweza kusema mwenyewe," Rébecca alisema walipopita Maboya.

"Najua. Mais sauti yako bado mupya. Usiichokeshe."

Ofisini Beni waliwakuta watu wawili: mlinzi mlangoni, na Valère, wakala aliyetumwa na serikali kutoka Kananga. Valère alikuwa na shati lililopigwa pasi hadi kwenye mikunjo ya viwiko, na Kiswahili alichojifunza kazini. Alimsikiliza Berthe hadi mwisho, akasogeza kiti chake karibu na Rébecca, akachukua penseli.

"Bon. Uma."

Rébecca aliuma. Mto uliingia ofisini, na bati, na kisu kikikata.

"Allô," Valère alisema kuelekea kinywa. "Hapa ni bureau ya serikali, Beni. Muko bangapi?"

"Tuko bane, chef."

"Jina yako?"

"Kakule."

Valère aliandika, kisha akamtazama Berthe, kwa sababu Berthe alikuwa amekohoa.

"Chef," Berthe alisema, "kwetu, mutoto mwanaume wa ine, yule anayefuata batatu, anaitwa Kakule. Kila nyumba. Kaka yetu ni Kakule."

"Mimi pia," mlinzi alisema kutoka mlangoni.

"Kakule nani?" Valère aliuliza kinywa.

"Kakule tu, chef."

"Unavuna kwa ruhusa ya nani?"

"Ya mukubwa."

"Mukubwa gani?"

Tunda moja lilianguka kwenye majani.

"Chef, uko Beni?" Kakule aliuliza.

"Niko Beni."

"Basi unamujua."

Valère aliweka penseli mezani, akainyoosha ilingane na ukingo wa karatasi.

"Ligne iko mubaya, sisikii muzuri," alisema.

Sauti ilikuwa safi kiasi kwamba inzi alisikika akizunguka matunda yaliyopasuliwa. Valère alimngoja inzi atue, halafu akatoa maoni yake, ambayo yalikuwa na mpangilio. Kwanza, asili ya kakao imethibitishwa: inatoka Mangina kweli, haikuvushwa kutoka nchi jirani. Hapo hakuna kosa. Tena ni uthibitisho wa kiwango ambacho ofisi yake haikuwahi kukipata. Pili, kuhusu umiliki, Mama Rébecca lazima afike shambani mwenyewe, pamoja na chifu na majirani, aonyeshe mipaka kwa miguu. Sheria iko hivyo.

"Ile barabara imefungwa," Berthe alisema. "Batu hawapiti."

"Batu, ndiyo. Batu hawapiti."

"Na kakao?"

"Kakao haina tatizo ya usalama," Valère alisema. Dirishani nyuma yake pikipiki ilikuwa ikipita, ikiwa na magunia mawili ubavuni na moja mgongoni mwa dereva, na mlinzi aliinua mkono kuisalimia.

Rébecca alikuwa bado na ladha ya punje. Hakumwangalia Valère tena.

"Kakule," alisema, "mukimaliza kuvuna, mutatoka kwangu?"

"Tuende fasi gani, mama? Sisi pia tulitoka kwetu."

"Kwenu wapi?"

"Huku juu, nyuma ya Oicha."

"Na shamba yenu?"

"Iko na batu," Kakule alisema.

Berthe, bila kuombwa, alimtafsiria Valère kwa Kifaransa. Valère alisema alikuwa ameelewa.

Walishuka Butembo juu ya magunia. Rébecca aliona manne ambayo, kwa namna yalivyoshonwa midomo, aliamini ni ya kwake. Alichagua moja kati ya hayo, akalikalia. Lilikuwa laini kuliko mengine, kwa sababu kakao iliyokaushwa kwa siku za kutosha haina maji na hujipanga vizuri chini ya mtu.

Msimu ulipokolea, mambo ya depo yaliendelea vizuri. Kulikuja wanunuzi waliopitia Kampala, watu wenye viatu vya kutembelea msituni, na Lusenge aliwawekea viti mbele ya Rébecca. Walisikiliza ndege. Mmoja alirekodi kwa simu akakuta amerekodi redio ya jirani tu, akaomba radhi. Walilipenda sana shamba lenye mto. Lusenge aliagiza vitambaa vilivyochapwa, vikashonwa kwenye magunia: *Shamba la Mama Rébecca, Mangina*. Karatasi ya asili ilitoka Beni bila kucheleweshwa, na sahihi ya Valère chini. Magunia hayo yaliuzwa ghali kuliko mengine yote. Lusenge alimpandisha Rébecca cheo, akampa na kofia.

"Jina yako inaenda Ulaya," alimwambia.

"Iende na mimi," Rébecca alisema.

"Wewe ukienda, nani atauma punje?"

Na kila siku, wengine walipokwenda kula maharagwe, Rébecca aliuma punje moja ya kwake na kuzungumza na Kakule. Alimwambia matunda yaliyoanza kuwa meusi ayakate mara moja na kuyafukia mbali, kwa sababu ugonjwa ule hupanda mti kwa matone ya mvua. Alimwambia apunguze migomba upande wa mashariki, kivuli kimezidi. Alimwambia rundo la kakao inayochachishwa ligeuzwe, lisiachwe hadi Jumapili kwa sababu ya uvivu.

"Si uvivu, mama. Jumapili tulikuwa misa."

"Misa inaanza saa mbili. Kugeuza ni saa kumi na mbili."

"Ndiyo, mama."

Kakule alikuwa msikivu. Alikuwa na wadogo zake watatu, nao walikuwa wasikivu zaidi, maana walimwogopa Rébecca kuliko walivyomwogopa yule mkubwa. Mkubwa alikuja kuchukua magunia na kuondoka. Rébecca alikuwa pale kila siku. Walimwuliza dawa ya siafu. Walimwuliza ufunguo wa sanduku aliloacha nyumbani uko wapi, naye akawaambia sanduku haliwahusu, wakaliacha. Miti ilianza kutoa maua mapya hata pale palipokuwa pamechubuliwa kidogo, jambo ambalo vitabu vya kilimo havilitegemei, na Rébecca hakulitegemea pia, ila alilisikia: nyuki walikuwa wengi.

Adhuhuri moja Kakule alisema kwa furaha, "Mama, tumekupigilia ile bati."

Rébecca alisikiliza. Palikuwa na mto, na nyuki, na upepo. Bati halikugonga.

"Nani alikutuma?"

"Ilikuwa inatusumbua usingizi, mama."

Alisukutua mara mbili. Juma lile lote hakuuma punje ya shamba lake. Aliuma za Mbau na za Oicha, akawaambia watu nani ananyeshewa na nani ana jua, na Gamaliel alipokuja Alhamisi aliiuma punje yake, ambayo sasa ilikuwa ndogo kama jino la mtoto. Upepo tu. Gamaliel alisema upepo wenyewe ni wa kwake, hakuna shida.

Jumatatu iliyofuata ilikuwa siku ya kumwona Simone. Plake ilikuwa imeanza kuchubua. Simone aliitoa, akaitazama, akasema ameitunza vizuri. Hakuna rangi iliyobadilika, ingawa meno yalikuwa yameanza kulika upande wa nje, kama ya mtu anayeuma kitu kimoja kila siku.

"Ni kakao," alisema.

"Ni kazi," Rébecca alisema.

"Nitakutengenezea ingine yenye meno magumu. Lakini leo turekebishe hii. Nahitaji uume kitu, nione fasi inakandamiza. Uko na mukate?"

Rébecca alipekua mfuko. Hakuwa na mkate. Alikuwa na punje moja, na ilikuwa ya shamba lake. Aliigeuza vidoleni muda kidogo, kisha akaiweka upande wa kushoto.

Mto ulisikika chumbani, kati ya plasta na vioo. Watu walikuwa wakipanga matunda. Kila moja lilitua juu ya jingine kwa mlio mzito wa tunda lililokomaa. Halafu vyote vikanyamaza, kama watu waliosikia mtu anaingia.

"Mama?" Kakule aliuliza. "Ni wewe? Tulidhani umegonjwa."

Rébecca aliizuia punje kati ya meno. Simone alishika kioo chake kidogo, akangoja.

"Mama, hii miti ya karibu na muto, tuvune leo ao kesho?"

Nje ya dirisha la hospitali watu walikuwa kwenye foleni juani. Rébecca alifunga macho, akageuza kichwa kidogo, kama anavyofanya mtu anayetazama kwa mbali. Mto ulikuwa juu. Ulikuwa umenyeshewa jana. Tunda la bondeni huchelewa.

"Kesho," alisema. "Leo bado."

"Sawa, mama."

"Na mutumie kisu."

"Tunatumia kisu, mama."

Simone alisogea. "Iko fasi inaumiza?"

"Moja," Rébecca alisema, akagusa shavu la kushoto, juu, karibu na jicho.

Simone aliitoa plake, akaweka alama kwa kalamu ya buluu, akasugua ukingo kwa msasa, akapuliza vumbi. Aliiosha katika maji baridi na kuirudisha. Ndoano zilishika.

"Sasa?"

Rébecca aliuma kipande kilichobaki. Kwake kulikuwa na jua. Mmoja wa wale wadogo alikuwa akiimba wimbo wa misa bila kujua maneno yote, na kisu kilikata vizuri katikati ya beti.

"Sasa inaingia muzuri," alisema. Akavaa kofia ya depo na kuteremka Kimemi, kwa sababu pikipiki za Jumatatu zilikuwa zimeshafika.